Njema ya Mama Ngiri

Paukwa!

Pakawa.

Hamjala leo? Nimesema paukwa!

Pakawa!

Haya, hapo sasa. Sogeeni. Na wewe uliyejikunja pembeni, amka, maana hadithi hii asiyeisikia mwanzo atasema nimemwonea mtu. Leo sina Sungura, msimtafute. Leo nina neno moja tu, neno mnalolitamka kila asubuhi hata kabla ya kunawa uso, na hakuna hata mmoja wenu aliyewahi kujiuliza limetoka wapi. Mimi nitawaambia walivyoniambia wazee wangu. Nikifika mahali nikauliza, "Akajibuje?", ninyi itikieni. Mtaitikia nini, mtajua wenyewe tukifika huko.

Hapo zamani za kale, wanyama wa nyika walisalimiana kwa swali moja. Mmoja anauliza, "Habari?" Mwenzake anampa habari. Basi, imekwisha. Na aliyeulizwa alisema kweli, kama ilivyo, hapunguzi wala haongezi.

Ukimkuta Kifaru ukamwambia, "Habari?", anakwambia, "Mbaya. Jipu limeniota pale ninapokalia." Ukimkuta Twiga anakwambia, "Shingo inaniuma tangu juzi, na mume wangu hanisemeshi." Ukimkuta Kobe, tafuta pa kukaa kabisa, maana Kobe habari zake alizianzia mwaka wa nyuma. Hakuna aliyeona haya. Mwenye shida aliitoa, na mwenye uwezo alimsaidia.

Sasa, ng'ambo ya korongo, kwenye shimo lililoachwa na muhanga, alikaa Mama Ngiri. Ngiri mnamjua. Uso una vinundu, meno yamejipinda, na akila hupiga magoti. Mama Ngiri hakuwa mzuri, na mwenyewe alijua, wala hakuhangaika. Mumewe alikufa wakati wa kiangazi, akamwachia watoto wawili. Mkubwa alikuwa binti, jina lake Mashavu. Mdogo alikuwa wa kiume, kitinda mimba, wakamwita Mziwanda.

Kila jioni Mama Ngiri aliwatanguliza watoto shimoni. Kisha yeye aliingia kinyumenyume, makalio mbele, uso nyuma, meno yakabaki mlangoni. Ndivyo ngiri wanavyolala mpaka leo. Atakayekuja kwa ubaya atakutana na meno.

Na katika nyika hiyohiyo alikuwapo Fisi. Fisi alikuwa na njaa, lakini kukimbia alikuwa hakutaki. Akakaa akawaza. Akasema moyoni, "Kwa nini nijichoshe kuwafukuza wazima, na wagonjwa wapo? Tatizo langu ni moja, simjui mgonjwa ni nani." Akawaza tena. Halafu akacheka, kile kicheko chake mnachokijua. "Si nitawauliza."

Tangu siku hiyo Fisi akawa mtu wa salamu. Hakukuwa na mnyama mwenye adabu kama yeye. Alfajiri yuko njiani, kwa huyu anapita, kwa yule anapita, akiimba:

*Jirani, jirani, umeamkaje?*
*Nimekuja kukujulia hali,*
*jirani yangu.*

Akafika kwa Swala. "Habari, jirani?" Swala akasema, "Si nzuri. Mguu umeteguka, siwezi kukimbia." Fisi akasema, "Pole sana." Akaenda zake. Jioni akarudi, na Swala hakuonekana tena.

Akafika kwa Kanga. "Habari, jirani?" Kanga akasema, "Si nzuri. Natamia, na mume wangu hayupo, niko peke yangu." Fisi akasema, "Pole sana." Akaenda zake. Jioni akarudi, yakabaki manyoya.

Akafika kwa Mama Ngiri. Mama Ngiri alikuwa amepiga magoti anachimba mizizi, watoto wako nyuma yake. "Habari, jirani?" Mama Ngiri, masikini, akasema, "Si nzuri. Huyu Mashavu anakohoa usiku kucha, hata kusimama hawezi vizuri." Fisi akamtazama Mashavu toka kichwani mpaka miguuni. Akasema, "Pole sana, jirani. Pole sana." Akaenda zake.

Nini kilimpata Mashavu sitawasimulia. Mmeshajua.

Mama Ngiri alilia mpaka sauti ikakauka. Alipomaliza kulia akakaa akafikiri, na fikira zake hazikuwa za kijinga. Akasema, "Mwanangu hakuuawa na meno. Aliuawa na mdomo wangu. Mimi ndiye niliyemwambia."

Akatoka akazunguka nyika nzima na Mziwanda wake nyuma, akawaambia wanyama wote, "Ndugu zangu, tuache kusema. Mtu akituuliza habari, tujibu njema. Uwe na jipu, njema. Uwe umefiwa, njema. Fisi asijue nani amelala na nani amesimama."

Kobe, ambaye alipenda sana kueleza mambo yake, hakufurahi. Akauliza, "Fisi sawa. Lakini rafiki zetu je? Nao tuwajibu njema?"

"Nao pia," akasema Mama Ngiri. "Utamwambia rafiki yako, na Fisi amelala kwenye nyasi anasikiliza. Wote tuwajibu njema. Ni kazi ngumu siku mbili tatu, halafu mdomo unazoea."

Kobe akanung'unika, lakini akakubali. Wote wakakubali.

Kesho yake Fisi akaja na wimbo wake. Akamuuliza Pundamilia habari. Akajibuje?

*Njema.*

Akamuuliza Kifaru, na jipu lake lipo palepale. Akajibuje?

*Njema.*

Akamuuliza Kobe. Kobe alifungua mdomo, akafunga, akameza mate. Akajibuje?

*Njema.*

Vizuri. Mnaitikia vizuri sana. Fisi akazunguka mpaka jua likazama, nyika nzima njema. Akalala njaa. Akalala njaa tena. Mbavu zikaanza kuhesabika, na wanyama wakawa wanamcheka wakiwa mbali. Mama Ngiri akawa anasifiwa kila anapopita. "Huyu mama ana akili," wanasema. "Sura hana, lakini akili anazo." Naye akafurahi kidogo, kadiri aliyefiwa anavyoweza kufurahi.

Sasa katika nyika hiyo alikuwapo Nguchiro. Nguchiro ni yule mdogo, mwenye mkia mrefu, anayepigana na nyoka. Yeye ndiye aliyekuwa mganga. Vidole vyake vilikuwa vyembamba na meno yake yalikuwa madogo makali. Kupe aliyejificha sikioni alimtoa. Mwiba uliozama aliung'oa hata kabla mtu hajamaliza kusema "aa". Kila asubuhi alipita na ukoo wake wote, wake, watoto na wajukuu, kelele tupu, wanakwenda kuchimba mende. Alikuwa akisimama njiani na kuuliza, "Habari?" Mgonjwa akisema, anatibiwa. Mzima akisema, Nguchiro anaendelea na safari.

Tangu Mama Ngiri atoe ile akili yake, Nguchiro hakuwa na mgonjwa hata mmoja. Akamwambia mkewe, "Mama watoto, nyika imepona. Wote njema. Sasa tunawahi mende kabla jua halijawa kali." Mkewe akasema, "Tushukuru."

Ikawa siku moja Mziwanda anacheza karibu na shimo, akakanyaga mwiba wa mgunga. Mwiba ukaingia katikati ya kwato, ukazama wote. Mtoto akalia. Mama Ngiri akaja mbio, akajaribu kuutoa kwa meno yake. Meno ya ngiri ni ya kuchimbia. Kadiri alivyojaribu ndivyo alivyouzamisha. Akaacha, akasema, "Nyamaza mwanangu. Kesho Nguchiro atapita."

Kesho yake asubuhi, kelele za ukoo wa Nguchiro hizo, zinakuja. Mama Ngiri akatoka shimoni anaruka kwa furaha. Kabla hajafungua mdomo akaona sikio. Sikio moja la mviringo, limesimama kwenye nyasi. Fisi amelala pale, mbavu nje, anasikiliza.

Nguchiro akasimama njiani. "Dada Ngiri, habari?"

Akajibuje?

*Njema.*

"Tunashukuru," akasema Nguchiro. Akapita, na ukoo wake ukapita, mpaka yule mdogo wa mwisho.

Mama Ngiri akarudi shimoni. Mziwanda akamuuliza, "Mama, mbona hukumwambia?"

"Fisi anasikia, mwanangu. Kesho atakuwa ameondoka."

Mguu ukavimba siku hiyo. Mtoto akataka kulia, na mama yake akamziba mdomo kwa pua yake, akamwambia, "Usilie. Fisi akisikia kilio atajua. Mtu akikuuliza habari useme nini?"

"Njema," akasema Mziwanda.

"Hata ukiumwa?"

"Hata nikiumwa."

"Ndiyo mwanangu."

Siku ya pili Nguchiro akapita. Na lile sikio liko palepale, na safari hii limesogea. Mama Ngiri alisimama mlangoni machozi yanamtiririka kwenye vinundu vyake. Alitumaini Nguchiro atayaona machozi, asiyasikilize maneno.

Nguchiro akasimama. "Dada Ngiri, habari?"

Akajibuje?

*Njema.*

Nguchiro akamtazama. "Mbona kama unalia?"

"Vumbi," akasema Mama Ngiri.

"Kweli, vumbi limezidi mwaka huu." Akatazama jua, akaona linapanda, akawaza mende. "Haya, tunashukuru." Akapita.

Usiku huo mguu ukatoa usaha, na mwili wa Mziwanda ukawa moto. Mama Ngiri hakulala. Alfajiri akamgeukia mtoto, akamwuliza polepole, "Mwanangu, unajisikiaje?"

Na yule mtoto, macho yamefumba, midomo imekauka, akajibuje?

*Njema.*

Ndiyo. Akasema, "Njema, mama." Na mama akaamini. Alijua si kweli, yeye mwenyewe ndiye aliyemfundisha. Lakini mtu aliyekesha siku mbili akiambiwa neno zuri hulishika, hata kama ameliweka mwenyewe kinywani mwa mwenzake. Moyo ukatulia kidogo. Akasema, "Labda leo ana nafuu."

Siku ya tatu jua likatoka. Mama Ngiri akachungulia nje. Nyasi zimetulia. Sikio halipo. Akatoka, akazunguka, akanusa. Fisi hayupo. Alikuwa amesikia kwamba pundamilia mmoja amekufa upande wa pili wa mlima, amekwenda huko tangu alfajiri. Nyika ilikuwa kimya. Hakuna wa kusikiliza wala wa kuogopwa.

Kelele hizo, zinakuja. Ukoo wa Nguchiro. Wakafika, Nguchiro akasimama njiani palepale anaposimama siku zote.

"Dada Ngiri, habari?"

Akajibuje?

*Njema.*

Mmesikia mlivyoitikia? Sikuwaambia Fisi hayupo? Hakuna hata mmoja wenu aliyesema, "Mwanangu anakufa." Mmezoea. Naye alikuwa amezoea. Neno lilitoka lenyewe, hakulituma. Alisimama akalisikia likitoka, kwa sauti yake, zuri, limenyooka, na alipogutuka Nguchiro alikuwa amekwisha kusema, "Tunashukuru," na mkia wa mjukuu wa mwisho unapotelea kwenye majani.

Hapo Mama Ngiri akachanganyikiwa. Akatoka mbio nyuma yao, anaita, "Nguchiro! Kaka, rudi!"

Lakini ngiri akikimbia huinua mkia juu. Ndivyo alivyoumbwa, hawezi kuushusha. Na kila mnyama wa nyika anajua kwamba mkia wa ngiri ukisimama, kuna hatari inakuja nyuma yake. Wajukuu wa Nguchiro waliona mkia, wakapiga kelele, na ukoo mzima ukatumbukia kwenye kichuguu.

Mama Ngiri akafika pale kwenye kichuguu, akapiga magoti, akaita tunduni. "Kaka Nguchiro, ni mimi. Toka. Mwanangu anaumwa."

Kule ndani Nguchiro akawaambia wajukuu, "Nyamazeni. Huyo ni Fisi anaigiza sauti. Mama Ngiri nimemuuliza sasa hivi, ameniambia njema."

Akaita, akaita. Alipochoka kuita alianza kulia tu, na ni kilio kile, si maneno, kilichomfanya Nguchiro atoe pua nje. Wakaenda pamoja mbio. Nguchiro aliingia shimoni kwanza, kwa kuwa ni mdogo.

Akakaa humo muda. Akatoka kinyumenyume. Mkononi alikuwa ameshika mwiba.

Mama Ngiri akauliza, "Umeutoa?"

"Nimeutoa."

"Amelia?"

Nguchiro akauweka ule mwiba chini. Mama Ngiri akaketi chini.

Wakakaa pale mpaka jua likawa kichwani. Mwisho Nguchiro akasema, "Dada, nilipita hapa juzi."

"Ulipita."

"Na jana nilipita."

"Ulipita, kaka."

"Nilikuuliza."

"Uliniuliza, nikakujibu njema."

"Nami nikayaona machozi," akasema Nguchiro. "Nisikudanganye. Niliyaona. Ukasema vumbi, nikafurahi, maana nilikuwa na haraka."

Mama Ngiri hakumlaumu. Angemlaumu ingekuwa afadhali. Alimwambia tu, "Nenda kaka, watoto wako wana njaa."

Na Fisi? Fisi alirudi jioni. Msiniulize alikula nini. Mama Ngiri siku hiyo aliingia shimoni uso mbele, makalio nje, meno yake yakatazama ukuta. Hakuwa na kitu cha kukilinda.

Kesho yake asubuhi, ukoo wa Nguchiro ukaja, lakini bila kelele. Nguchiro akasimama mbele ya shimo, na nyuma yake wakasimama wote. Mende wakaachwa.

"Dada Ngiri, habari?"

Kutoka ndani sauti ikasema, "Njema."

Nguchiro hakusema tunashukuru. Hakuondoka. Akasema, "Habari za nyumbani?"

"Njema."

Jua likapanda, wajukuu wakaanza kukanyagana kwa njaa. Nguchiro akakaa chini. Akauliza mara ya tatu, polepole, "Habari za watoto?"

Halafu Mama Ngiri akasema, "Njema, ila..."

Akashindwa. Nguchiro akangoja. Wote wakangoja.

"Njema, ila sina tena mtoto."

Ndipo akalia kilio chake chote, cha Mashavu na cha Mziwanda, na Nguchiro hakuwa na dawa. Vidole vyake vile vyembamba havikuwa na cha kung'oa. Alikaa tu pale mlangoni mpaka kilio kikaisha, na siku ya pili akaja tena akauliza mara tatu tena, na siku iliyofuata tena. Ngiri yule hakupona. Alikaa hivyohivyo, anajibu njema, kisha anasema ila, mpaka masika yakaja na maji yakaingia shimoni, naye hakutoka.

Wanyama waliosikia wakaogopa. Kuacha kusema njema wasingeweza, maana Fisi yupo, na mpaka leo yupo. Basi wakafanya hivi. Wakaiacha njema ya kwanza kwa ajili ya Fisi. Lakini wakaapa kwamba mtu akimpenda mwenzake hatauliza mara moja. Atauliza habari, atauliza habari za nyumbani, atauliza habari za watoto, za kazi, za tangu juzi, na atatulia angoje ile ila. Watu wakajifunza kwa wanyama. Ndiyo maana mgeni akiingia kwenu asubuhi, na ndani kuna maiti, mama yako humjibu kwanza, "Njema." Na ndiyo maana salamu zetu ni ndefu. Watoto mnasema wazee wanapoteza wakati kwenye salamu. Hawapotezi kitu. Wanatafuta mwiba.

Siku hizi, naona, tumerudia ya Nguchiro. Mtu anauliza huku anatembea. Anajibiwa njema, anashukuru, yuko mbali.

Mafunzo ya hadithi hii nayasema wazi, nisije nikalaumiwa. La kwanza, ficha kidonda chako kwa adui, lakini usimfiche mganga, maana mficha maradhi kilio humuumbua. La pili ni la ninyi mnaosalimu. Anayekuambia njema huku macho yamelowa, usishukuru ukaondoka. Uliza tena. Na kama una haraka, basi ujue haraka yako itamzika mtu.

Hadithi yangu imekomea hapa, imekaa chini. Aliyeiona tamu achukue nusu ampelekee jirani. Aliyeiona chungu asiiteme, aimeze, ni dawa.

Haya, nendeni mkalale. Wewe mwenye kanga, subiri kwanza. Hapana, kaa. Nilikuuliza jioni ulipoingia, ukanijibu njema. Habari za nyumbani?